Mama, Gari Limeingia Bandani

Mama,

Shikamoo. Nimeshaandika ndipo nikakumbuka kwamba hutaitikia, lakini siifuti. Nani amesema mtu huacha kumwamkia mama yake kwa sababu amekufa? Neno lenyewe hilo bado halinikai mdomoni.

Nina habari ya kukupa. Gari limeingia. Lote, mpaka pua, na milango ya banda imefungwa. Nimeliingiza mimi, Upendo, yule uliyesema ukimpa baiskeli kwenye uwanja mtupu atatafuta mti wa kugonga.

Acha nianzie siku ile, maana kichwa changu hakijatoka pale. Ulikuwa umerudi kutoka Marui, kwenye kliniki ya kina mama wajawazito, na hilo gari-nyumba ambalo wageni waliuachia usharika wa kanisa letu litumike kwa kliniki, lenye kitanda, sinki na kijichoo chake. Tangu ustaafu unesi ulikuwa hushikiki, kila wiki uko Kisarawe. Ukapiga honi getini. Nikatoka na mikono ina unga wa chapati, nikaingia bandani, nikasimama pale pangu, nyuma kabisa, kwenye kile kimlango kidogo, nikuelekeze ukiliingiza kinyumenyume.

Banda lenyewe unalijua. Baba alilijenga kwa ajili ya pikapu yake, wewe ukamlazimisha avunje ukuta wa nyuma aongeze urefu, upana ukabaki uleule. Gari likiwa ndani, kila upande inabaki nafasi ya kupitisha kiganja, tena kiganja kisichokula vizuri. Mara ya kwanza nilikuambia kulia, na wewe umetoa kichwa dirishani umegeukia nyuma, kulia kwangu kukawa kushoto kwako. Taa ikaishia kwenye nguzo. Ukashuka, ukaitazama, ukasema, "Kuanzia leo hapa hakuna kulia wala kushoto. Kuna kwa kuku na kwa Mama Zuhura." Yaani upande wa banda la kuku na upande wa uzio wa jirani. Haikugongwa tena taa hata moja. Na Mama Zuhura naye, kila nikitaja jina lake, anaitikia "Abee!" kutoka kwake, akianika nguo au akipepeta mchele. Majirani wapya walidhani tuna wazimu.

Siku ile ulianza vizuri. Njoo, njoo, kwa kuku kidogo, njoo. Mkia ukaingia. Nikasema, "Kwa Mama Zuhura kidogo, Mama." Kule kwenye uzio nikasikia "Abee!" Gari likashtuka, likazima.

Nikaita tena, "Njoo, Mama." Kimya. Nilidhani unanitania, maana ulikuwa na tabia ya kuzima makusudi ukiona nakuelekeza kwa uvivu. Nikasema, "Haya, samahani, njoo basi." Mama Zuhura akaitikia tena bila kuitwa, anacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Mama, nilikuwa nacheka! Kutoka mle ndani sikuweza kukuona, gari lote lilikuwa kati yetu. Nilipozungukia mbele kupitia uani, ulikuwa umeegemea mlango kama mtu anayesubiri foleni isogee, na mguu umetoka kwenye klachi. Hospitalini walisema ni moyo. Moyo gani? Asubuhi si ulikula viazi vyote vya Baba ukamwambia anaota kitambi?

Tangu hapo gari lilibaki vilevile, nusu ndani, nusu nje. Turubai la msiba lilifungwa pembeni yake. Waombolezaji walilizunguka wakapanga viti, watoto wakakatazwa kuligusa, na mimi nilikuwa nikipita macho chini. Baba ndiyo kabisa, akitoka kazini Zegereni alianza kupitia kwa jirani ili asilione. Nyumba nzima tuliishi pale uliposimama.

Majuzi wazee wa usharika wakaja. Walisema kwa upole kwamba kina mama wa Marui wanauliza kliniki, nesi mwingine yupo, na kama sisi hatuwezi kuendesha gari watatafuta dereva mwingine na mahali pengine pa kulilaza. Kaka Elia akasema sawa, liburutwe lipelekwe, tupumue. Nikasema leseni ninayo, Mama alinifundisha mwenyewe kwenye barabara ya Kisarawe. Akaniuliza, "Na kurudi nyuma je?" Kurudi nyuma hukuwahi kuniachia. Ndipo Baba, ambaye tangu mazishi alikuwa akisema ndiyo na hapana tu, akasimama. Akasema, "Mama yenu hakumaliza. Liingie kwanza, mengine baadaye."

Jumamosi nikapanda kwenye kiti chako. Sikukivuta mbele, nikanyoosha miguu hivyo hivyo. Baba akaenda nyuma, kwenye kile kimlango. Mama Zuhura alisimama kwenye uzio na khanga mdomoni, na alipotajwa hakuitikia. Nikaweka gia. Baba akaanza, "Njoo," kwa sauti ya mtu aliyemeza mchanga. Nikatazama kioo cha huku, nikaona ukuta. Cha kule, uzio na giza la banda. Nikatoa kichwa dirishani, nikaona bati la gari lenyewe. Baba hayupo. Nikapaza sauti, "Baba, sikuoni!" Akajibu, "Mama yako naye alikuwa hakuoni. Sikiliza."

Kumbe, Mama! Miaka yote ile nilikuwa nikipunga mikono kule nyuma kama mwalimu wa kwaya, nakuonyesha kiganja, ngumi, vidole, na nikikuuliza, "Unaniona?" ulijibu, "Nakuona, mwanangu." Ulikuwa huoni kitu. Ulikuwa na sauti yangu tu, na kwa sauti hiyo ulilirudisha gari zima gizani wala hukuwahi kusita.

Nikaachia klachi taratibu. Kwa kuku. Kwa Mama Zuhura. Njoo. Weka hapo hapo! Nikazima. Baba akagonga bodi mara moja, na nikasikia analia kule nyuma, kwa mara ya kwanza. Nilikaa nikamwacha alie.

Jumanne naenda Marui. Nakuahidi kliniki haitalala tena kwa ajili yetu, na Baba hatabaki peke yake jioni, maana nitamhitaji nyuma ya banda. Kwaheri, Mama. Nilikuwa nikijitesa kwamba ulikufa mimi nikiwa nyuma ya ukuta wa bati, hujui nilipo. Sasa nimekaa pale ulipokaa, na ninajua kwamba wakati ule hapakuwa na kitu kingine ulichokuwa ukisikiliza ila mimi.

Mwanao,
Upendo