Roboti za Mwabungo na Mwalimu Asiyejua Kijerumani

Mpendwa Bi Kahaso,

Natumaini u mzima. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana mimi ni mwalimu na sijazoea kuandika barua za namna hii, lakini jambo lililonifika siwezi kumweleza mtu yeyote wa hapa kijijini, na nikikaa nalo kimya naona litaniharibia maisha wakati ambapo maisha yenyewe ndiyo kwanza yanataka kuninyookea.

Nina umri wa miaka thelathini na minne, ni Mkamba, wazazi wangu walihamia huku Kwale kabla sijazaliwa, nafundisha sayansi katika shule moja ya msingi karibu na Mwabungo, na sijaoa. Mwezi wa nne mwaka huu wa tisini na tisa alikuja shuleni mzee mmoja Mjerumani, Bwana Helmut, injinia mstaafu mwenye nyumba huko Galu, akasema ameleta masanduku manne ya kuundia roboti, yaani vipande vya plastiki vya kuunganisha, mota, magurudumu, na matofali ya manjano yenye akili ndani, ambayo hupokea maagizo kutoka kwenye kompyuta, naye alitaka mwalimu wa kuwafundisha watoto kwenye kambi ya likizo ya Agosti. Mwalimu mkuu akauliza ni nani kati yetu anayejua kompyuta, mimi nikainua mkono. Sikudanganya, Bi Kahaso, nilisoma kompyuta Mombasa wiki sita, ila tulikuwa tukijifunza kupiga chapa tu. Bwana Helmut akaniachia masanduku na kompyuta yake ya zamani, akarudi kwao, akaahidi kuja mwisho wa Agosti aone watoto wameunda nini.

Nilipofungua masanduku nikakuta kitabu cha maelekezo ni Kijerumani kitupu, na maneno ya kwenye kompyuta vilevile. Ningeweza kwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia, lakini alikwisha kuwatangazia wazazi jina langu, na mamangu alikwisha kuwatangazia kanisa zima.

Kambi ilifunguliwa katika ukumbi wa hoteli moja ya Diani iliyofungwa tangu wageni walipopotea baada ya vurugu za mwaka wa tisini na saba. Watoto walikuwa kumi na sita, wa darasa la sita na la saba. Siku tatu za kwanza niliwaandikia ubaoni maana ya roboti, historia ya roboti, na sifa tano za roboti, nao wakanakili, na siku ya tatu nikawapa mtihani, wakafaulu wote. Siku ya nne mtoto mmoja anayeitwa Chirau akainua mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, yale masanduku tutayafungua lini?" Nikamjibu kwamba msingi ni lazima uwe imara.

Siku hiyohiyo saa nne aliingia Bi Hanifa, mama aliyekuwa akituletea viazi karai wakati wa mapumziko. Ni mjane, umri wetu haupishani sana. Aliweka sinia mezani karibu na kile kitabu, akakiinamia, akasoma, kisha akaniambia, "Mwalimu, hapa wanasema muanze na gari la magurudumu mawili, ndilo jepesi." Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliwauzia Wajerumani leso na vikoi ufukweni miaka kumi na miwili, na kuna bibi mmoja mteja wake aliyekuwa akimwandikia barua kila mwezi, akamletea na kamusi, basi kusoma akakujulia humo. Wageni walipokwisha ndipo akaingia kwenye viazi.

Nikawaambia watoto, "Bi Hanifa atatusaidia kuhakikisha kama tafsiri yangu ni sahihi." Yeye alinitazama, akafunua ukurasa uliofuata.

Kuanzia siku hiyo Bi Hanifa alikuwa akija asubuhi na mapema, anasoma, watoto wanaunganisha, mimi nasimama ubaoni nimeshika chaki. Mwanzoni alikuwa akitafsiri tu, lakini baada ya wiki moja nikaona anaelewa. Gari la mtoto mmoja, Mwanapili, na wenzake lilikuwa likizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa shingo, akaligeuza, akalitazama chini, akasema, "Mota hii waya wake umepachikwa kinyume. Moja inakwenda, nyingine inarudi." Akaanza kuwapangia maagizo kwenye kompyuta, akiwaambia roboti ni mtumishi asiyejua kukisia, usipomwambia asimame hatasimama. Mimi nilikuwa nikiyaandika maneno hayo ubaoni ili yabaki kama nukuu za somo.

Watoto wenyewe wakabuni roboti ya kufukuza kunguru kwenye samaki wanaoanikwa. Ina jicho la kupimia mwanga, kivuli cha ndege kikipita juu yake mota inazungusha mkono na mkono unagonga mkebe. Waliijaribu nje juani, kunguru wakaruka mpaka juu ya paa la hoteli. Sijapata kuona watoto wakicheka vile tangu nianze kufundisha.

Siku ya maonyesho walikuja wazazi, afisa mmoja wa elimu kutoka Kwale, na Bwana Helmut na rafiki zake. Nilitoa hotuba. Bi Hanifa nikamtambulisha kama mama wa chakula, kwa sababu kweli chakula alileta. Roboti ilipowashwa mle ukumbini ikaanza kugonga mkebe bila kukoma, hakuna kunguru wala kivuli. Bwana Helmut akaniuliza kwa Kiingereza jicho tumelipangia mwanga kiasi gani. Nikamjibu, kiasi cha kawaida. Mkebe ukaendelea. Ndipo Mwanapili alipogeuka mbele ya watu wote akaita, "Bi Hanifa, imekataa kunyamaza."

Bi Hanifa akaweka sinia chini, akafuta mikono kwenye leso, akakaa kwenye kompyuta, akasema humu ndani kuna giza kuliko nje na roboti inadhani kivuli hakiishi, akabadilisha namba, roboti ikanyamaza. Bwana Helmut alipoinama kuitazama, kivuli chake kikapita, ikamgongea mkebe puani. Ukumbi mzima ukacheka, yeye mwenyewe akacheka, wakazungumza na Bi Hanifa Kijerumani kidogo. Nilijua nimekwisha.

Lakini haikuwa hivyo. Bwana Helmut alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema katika maisha yake hajaona mwalimu kama mimi, ambaye hata mama muuza viazi amemfundisha roboti. Afisa wa elimu akapiga makofi, wazazi wakafuata. Bi Hanifa alikuwa hatua mbili tu kutoka tulipo. Akachukua sinia lake, akaniambia, "Hongera, mwalimu. Umenisomesha vizuri," akaondoka, na tangu siku hiyo hajanisemesha.

Sasa imekuja barua kutoka kwa Bwana Helmut. Mwezi wa Desemba kutakuwa na kambi kubwa ya watoto wa hapa, wa Munje na wa Msambweni, na mimi ndiye nitakuwa mkuu wake, na kabla ya hapo niende Nairobi wiki mbili kuwafundisha walimu wengine arubaini. Natakiwa nijibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Nilikwenda kwa Bi Hanifa nyumbani kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Nikamweleza kwamba nimefikiri sana na nimeamua kumwoa. Akaniuliza, "Mwalimu, unanioa mimi au unaoa kitabu?" Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba vyote viwili ni neema. Akasema chai inapoa, ninywe niende.

Bi Kahaso, naomba unishauri. Je, nimpelekee zawadi gani ili akubali? Niwatume wazee, au nimwache kwanza apoe? Na hili la dini, maana mamangu hatakubali kirahisi, tulitatue kabla ya Desemba au baadaye? Tafadhali usitaje jina langu gazetini.

Ni mimi,
Mwalimu mwenye moyo mzito, Mwabungo

*

BI KAHASO ANAJIBU

Mwalimu,

Jina lako sijalitaja. Umelitaja wewe. Umeandika kijiji, kazi, umri, kabila, masanduku, Mjerumani wa Galu na mkebe uliogongwa puani kwake. Gazeti hili likifika Ukunda saa mbili asubuhi, saa tatu mamako atakuwa akisomewa. Kwa hiyo sehemu ngumu ya kuungama umekwisha kuifanya, tena hadharani, nami nakupongeza japo najua hukukusudia.

Umeniuliza zawadi. Hakuna zawadi. Mwanamke amekuuliza swali moja la wazi, nawe ukamjibu kama mtu anayeulizwa atie sukari au maziwa. Mke si kamusi ya kuwekwa chumbani. Kama ungempenda, katika barua yote hii ungeniambia jambo moja kumhusu lisilokuwa na faida kwako. Nimetafuta, sikuliona. Suala la dini usilihangaikie, halijafika.

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Nilifundisha miaka kumi na tisa kabla ya kuanza kazi hii, na najua tunavyolelewa: mwalimu akisema sijui, darasa limevunjika. Kwa hiyo tunasimama ubaoni na sifa tano za kitu tusichowahi kukishika. Na nikupe haki yako: yule mama aliposoma kile kitabu, ungeweza kumfukuza, nawe ulimwachia meza. Watoto kumi na sita wamejifunza kwa sababu ya hilo. Lakini ulimwachia meza ukabaki na makofi.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imepata bahati mbaya, inataka kufika Nairobi. Huko utasimama mbele ya walimu arubaini, na mmoja wao atakuuliza mwanga kiasi gani, na safari hiyo hakutakuwa na wa kuweka sinia chini.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, mwandikie Bwana Helmut. Mwambie hukujua Kijerumani, wala hukujua roboti, na aliyefundisha ni Hanifa. Usiweke "kwa kiasi fulani", usiweke "nikisaidiwa na". Barua hiyo, kabla ya kuitia bahasha, mpelekee Hanifa aisome. Usimwombe chochote. Akikupa chai, kunywa kabla haijapoa na umwombe radhi kwa maneno haya: nilikuita mama wa chakula, nimekosa. Kisha nyamaza. Kwenda au kutokwenda Nairobi ni lake la kuamua, na kambi ya Desemba ni yake wakimtaka na akitaka, kwa cheo na kwa mshahara, na si wewe wa kumgawia.

Halafu nenda kwa mwalimu mkuu umwambie hayohayo, na Jumatatu, wanafunzi wakipanga mstari, wewe mwenyewe uwaambie. Wengi wao hawatashangaa. Mwanapili alipomwita Hanifa mbele ya wageni, hakukusudia kukuaibisha; alimwita mwalimu wake.

Utauliza, nami nitabaki na nini? Utabaki na nafasi ambayo hujaipata tangu umalize chuo, nayo ni ya kujifunza. Kambi ikifunguliwa Desemba, Hanifa akikubali, nenda ukakae kati ya Chirau na mwenzake. Madawati ya darasa la sita ni mafupi. Kunja magoti.