Tate Odette Anadai Utani Wake

Mikelenge, Kindu
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Jérémie,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo huko Kinshasa? Na mke wako Elodie, na kale kabinti kenu, kameshaota meno? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Mguu wangu bado unasumbua, lakini haujanizuia kufika sokoni, kwa hiyo usinionee huruma bure.

Bibi yako, Tate Odette, naye yupo. Tangu Pasaka amekonda sana. Daktari anasema ni moyo na uzee. Sitakuficha, mwanangu, hatudhani atakaa nasi muda mrefu.

Sasa nije kwenye lililonisukuma kuandika. Kila Ijumaa Joëlle, binti wa jirani, hutuletea podikasti yako kwenye simu yake, nasi tunakusanyika barazani. Tunawasikia wageni wako, wanamuziki na waheshimiwa, na wewe unawachokoza vizuri kweli. Lakini Tate anangoja kitu kimoja tu, ile sauti yake unayoiga, akibishana na wauza samaki bandarini: "Huyu samaki alikufa na njaa mbele ya kumukamata?" Miezi sasa hatuisikii. Kipindi kikiisha hugeukia ukuta.

Nimechunguza, nikajua. Baba yako mkubwa Ferdinand alikupigia simu akakukaripia, eti unamfanya mama yake kichekesho cha watu wasiomjua. Kaka yangu ana roho nzuri, lakini hucheka kama mtu anayemeza kwinini. Mama hakumtuma. Alipopata habari alimnunia mpaka akaletewa kuku.

Ferdinand amesahau haki ya mjukuu kwetu, kuwatania babu na bibi yake hata msibani. Babu yako Tambwe alipofariki wakati wa vita, treni zilikuwa hazifiki tena, mashambani hakuendeki, njaa imetubana, na msibani hakuna aliyethubutu kuinua sauti kwa kuwaogopa askari. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka tisa. Ulivaa kofia yake ya kazi ya reli, ukazuia jeneza njiani kama desturi inavyowataka wajukuu, ukawafokea wachukuzi kwa sauti yake mwenyewe: "Munabeba muntu ao gunia ya muchele? Polepole. Hii treni njo yangu."

Wa kwanza kucheka alikuwa mjane. Alicheka mpaka machozi aliyokuwa ameyabana yakatoka. Watu husema kazi yako ilianzia jukwaani Kinshasa. Mimi najua ilianzia njia ya makaburi, na ninajivuna kwamba nilikuwepo.

Basi juzi nilimtuliza Tate, nikamwambia siku yake ikifika utakuja umtanie inavyopasa, na watu watacheka. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto mjinga.

"Wote watacheka, njo mimi tu sitasikia. Umuambie anitanie sasa."

Ferdinand niachie mimi. Ni mkubwa kwangu, lakini kelele zangu anazijua.

Msalimie Elodie, mkumbatie binti, na ukimwona binamu yako Roger mwambie tunamkumbuka. Mungu aliyekupa kinywa hicho akulinde nacho, akupe na chakula cha kukijaza.

Sikio la Tate linalosikia bado ni la kulia. Ijumaa tutaiweka simu hapo.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Philomène