Godoro la Jevaun

Seaforth, Jamaika
3 Machi

Mjukuu wangu Kemar,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti. Mama yako kanisomea ujumbe uliowatumia wenzako: "Jevaun nimemdapi." Kumbe ndivyo mnavyosema kuua huko London.

Dapi ni neno letu, Kemar. Bibi yangu alisema wazee walitoka nalo Afrika. Ni mfu asiyeagwa, anarudi kitandani kwake. Ndiyo maana usiku wa tisa wa matanga tunaimba, tunamwaga ramu, tunageuza godoro asilitambue. Jirani yangu Vinette hana maiti ya mjukuu wake Jevaun, na godoro hageuzi. Yuko wapi?

Bibi yako,
Icilda

Gerezani, London
20 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo, chakula tu kibovu. Hilo ni neno la mtaani, kila mtu analisema. Jevaun alimchana uso rafiki yangu, ulitaka nicheke? Wakili anasema bila maiti kesi ya polisi nyepesi. Usiniulize tena.

Mjukuu wako,
Kemar

Seaforth
11 Aprili

Kemar,

Natumaini u mzima. Mchungaji alikwenda kuligeuza godoro, Vinette akamkata vidole viwili kwa panga. Godoro limelowa damu. Nikaenda mimi, nikamwambia ni wewe uliyemuua. Kanipiga ubapa wa panga, jino likatoka, kisha akanichemshia chai ya tangawizi. Anauliza: alikufa haraka?

Bibi yako

Gerezani
2 Mei

Shikamoo Bibi. Pole na jino.

Hapana, si haraka. Nilimchoma kisu tumboni akakimbia, nikamkuta kwenye mfereji. Alikuwa anamwita Vinette. Nikamchoma shingo anyamaze. Yuko majini, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, nimemfunga vyuma. Wape polisi barua hii. Sipati usingizi, Bibi. Nataka kurudi kwako.

Mjukuu wako

Seaforth
30 Julai

Kemar,

Nasikia wamekupa kifungo cha maisha. Jevaun tumemzika. Usiku wa tisa watu walijaa, samaki walikaangwa mpaka alfajiri. Tuligeuza godoro mimi na Vinette, yeye kichwani, mimi miguuni.

Nilipofika nyumbani nikaingia chumba ulimokuwa ukilala ukija likizo. Nimelia sana, mwanangu. Kisha nikageuza godoro lako.

Icilda