Ng'ombe Waliokosa Mkamaji

Borabu, Nyamira
Jumapili

Kwa kaka yangu Nyabuto,

Bwakire, kaka! Mwili u mzima? Miguu bado unayo, au hao walimu wa jeshi wameimaliza kwa kukukimbiza milimani? Sisi tu wazima, Mama pia, ila goti linamsumbua kama kawaida wakati wa mvua. Najua huko mafunzoni mmenyang'anywa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kaa chini kwanza, maana nina habari!

Alhamisi ng'ombe wetu mweusi, yule tuliyeachiwa na baba, aliibwa. Nyayo zilielekea mtoni, kwenye mpaka wetu na watu wa ng'ambo. Mama alilia, nami nikalia, sitakuficha. Kesho yake binamu yetu Okemwa akawakusanya vijana, akasema haki haiombwi, inachukuliwa. Wakavuka na mishale, wakarudi jioni na ng'ombe wanne, wakiimba! Wakawafunga katika boma letu, eti kwa kuwa sisi ndio tulioibiwa. Hakuna aliyeuliza ni ng'ombe wa nani. Okemwa alisema watu wa ng'ambo wote ni wale wale.

Sasa sikia! Jana, asubuhi ya Sabato, ng'ombe hao walianza kulia, viwele vimejaa hadi maziwa yanadondoka. Okemwa akamletea Mama ndoo. Mama akamwambia maziwa ya wizi hayaingii jikoni mwake siku yoyote, sembuse Sabato. Okemwa akaenda kwa mama yake mzazi, akajibiwa vivyo hivyo. Wanawake wa kijiji kizima walikataa, kaka, wakapita na Biblia kwapani kama hawasikii kitu! Basi Okemwa akachuchumaa akame mwenyewe. Wee! Mkono uliozoea upinde utajuaje chuchu? Alipigwa teke moja akaenda kukaa matopeni. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kiliisha tuliposikia kwamba vijana wa ng'ambo nao wamekusanyika mtoni na mishale. Wao hawamjui mwizi, sisi hatumjui, na watu walikuwa tayari kufa kwa ajili yake.

Mchana tukaona mwanamke akipanda njia peke yake, ndoo mkononi. Alikuwa Chelangat, yule mjane anayetuuzia maharagwe. Ng'ombe walikuwa wake! Alipita katikati ya vijana bila kumtazama yeyote, akamsalimu Mama, akaomba kigoda. Akawakama mmoja mmoja akiwaita kwa majina, nao wakatulia tuli. Kisha akamjazia Mama kikombe, akamwambia amesikia kwamba tangu Alhamisi tunakunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, na amesikitika. Mama akakipokea kwa mikono miwili.

Akamgeukia Okemwa, akamuuliza yeye, mjane, alimwibia nani. Okemwa akasema vita ni vita. Mama akamwambia basi akavipige bomani kwa mama yake, na akafungua lango mwenyewe. Na goti lile lile, alimsindikiza Chelangat hadi mtoni! Vijana wa pande zote waliwaona wakiswaga ng'ombe pamoja, na hakuna mshale uliotoka. Kaka, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka!

Sitakudanganya, ng'ombe wetu bado hajarudi. Chelangat ameahidi kuwaambia wazee wa kwao wamtafute, na huenda asipatikane. Nikiona kamba yake imelala chini naumia, na mwizi akipatikana nataka ashtakiwe. Yeye, si jirani yake.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Okemwa anasema kuna msaliti aliyempigia Chelangat simu. Anasema ukimaliza mafunzo utakuja kuwaongoza, kama ulivyowaahidi kabla ya kuondoka. Mtamsaka huyo msaliti kwanza, kisha mvuke mto kwa vita vya kweli. Vijana wanakungoja kwa hamu.

Kaka, msaliti ni mimi. Kati ya wale wanne nilimtambua ng'ombe mwenye sikio lililochanika, niliyekuwa nikimwona kwa Chelangat nikienda kuchukua maharagwe. Nikajifungia chooni nikapiga simu. Mama hajui. Niliogopa sana, na ningepiga tena hata leo. Jumanne kuna baraza kwa chifu, nitasimama niseme mbele ya wote. Na wewe ukirudi na hizo buti, kama bado unataka kuwaongoza, uanze na mimi. Sitakimbia.

Mama anakusalimu sana, anasema usiache kusali, na mkungu wako wa ndizi haukatwi mpaka ufike. Hata Okemwa anakusalimu, bado anachechemea. Wasalimie wenzako mnaokimbizwa pamoja.

Ni mimi dada yako, utakayemkuta langoni,

Phanice