Bomba Langu la Kliniki

Jumanne, 5 Machi

Mkaza mwanangu kanipa daftari. Kasema, Baba, ukiandika labda utapunguza kusema. Haya, naandika. Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu hakuwa na cha kunifundisha tena — hivyo ndivyo ninavyowaambia watu.

Leo kliniki. Wajawazito ni Jumanne tu. Mwanangu yuko safarini na lori lake, kaniachia mkewe na tumbo la miezi mitano. Mimba ya kwanza ilitoka mwaka jana. Malaria. Nyumbani jina hilo hatulitaji. Lakini binti akishika kichwa tu, moyo wangu paa!

Zamu yetu ikafika. Nesi wa miwani katoa vidonge vitatu vya kuzuia malaria. Vinamezwa mbele yake. Ukienda navyo nyumbani, kasema, nitajuaje umemeza wewe au umempa kuku? Vizuri. Maji je? Bomba kavu. Vikombe hamna. Nikatoka mbio kununua maji dukani — mbio zangu hizi za goti bovu. Nimerudi, dirisha la dawa limefungwa. Nesi ni huyohuyo mmoja, kaitwa kuzalisha. Njooni Jumanne ijayo na maji yenu.

Na vyandarua? Vimekwisha.

Nikapaza sauti. Mimi fundi bomba mstaafu! Nusu ya vyoo vya mji huu vinavuta maji kwa mkono wangu! Benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Mmoja mwenye tumbo kubwa kasema, basi babu, vuta na hapa.

Nitavuta. Nimeapa.

Jumatano, 6 Machi

Mkwe kauliza, Baba, si ulipewa chandarua mwaka juzi? Nilipewa. Kiko bandani. Nilifunikia vifaranga, mwewe wasiwachukue. Nimekwenda kukivua. Vifaranga wamenenepa, hakuna hata mmoja mwenye malaria! Nimekifua mara nyingi, bado kinanuka kuku. Mkwe kakifunga kitandani kwake. Ila alikuwa ameziba pua.

Alhamisi, 7 Machi

Ningependa siku hii nisiiandike.

Nilikwenda kliniki na spana yangu kubwa. Mlinzi getini kanizuia. Nikamwambia mabomba haya niliyafunga mimi, wewe ukiwa unanyonya. Kweli tupu. Mganga mkuu yuko semina. Nesi kasema, mzee wangu, ukiweza nitashukuru, mimi foleni inanisubiri.

Nikaenda nyuma ya ukuta, nikafunga koki kuu, palepale nilipoiweka mwenyewe. Sikumuuliza mtu. Fundi mzima niulize? Nikaingia chumba cha dawa, nikalala chali chini ya sinki, nikafungua nati.

Kumbe koki walishaihamisha. Ile niliyoifunga ni ya zamani, wameiacha ukutani kama pambo. Bomba lilikuwa limezibwa na kutu tu, maji yenyewe yamejaa nyuma yake yananingoja mimi. Ikatoka kutu. Kisha maji — mama yangu! Yamenipiga usoni, kofia ikaelea. Mlinzi ndiye aliyekimbia kufunga koki. Yeye alijua iko wapi. Hakuna aliyemuuliza.

Pembeni ya sinki palikuwa na boksi. Kabati limejaa mafaili, dawa zinakaa sakafuni. Ndani ya boksi kopo la vile vidonge, kifuniko wazi. Nesi kaliinamisha. Uji mweupe.

Hakufoka. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Bora angefoka. Kasema, mzee wangu, hilo lilikuwa la mwisho, jingine nimeagiza halijaja.

Nikamalizia kufunga. Bomba sasa linatoa maji. Linatoa sana.

Ijumaa, 8 Machi

Duka la dawa: hizo hatuuzi, zinatolewa bure kliniki. Nimecheka peke yangu barabarani kama mwehu. Hospitali kubwa ng'ambo ya mji: wajawazito ni Jumatano.

Nimemweleza mkwe yote. Kasema, Baba, umenawa mikono? Chakula tayari.

Jumanne, 12 Machi

Maji tele kliniki! Na vikombe vya plastiki, nimenunua mimi. Wanawake wamekunywa, wamenawa, wamenishangilia. Dawa hamna. Nesi kawaambia mzigo haujafika, waende hospitali kubwa kesho. Hakunitaja. Mimi ninayejitaja hata msibani — kimya. Yule mwenye tumbo kubwa kasema, babu, kumbe umevuta kweli! Nikajibu, mambo madogo hayo. Mkwe kanikanyaga mguu. Nilistahili nikanyagwe na wa pili.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali kubwa. Mkwe kaamka anatetemeka. Kasema ni baridi tu. Baridi gani, jasho linamtiririka?

Nimekuja na maji lita tano na kikombe. Safari hii nimejiandaa! Nesi wa hapa kijana, mkali. Kampima joto, vidonge vitatu karudisha kwenye kopo. Kasema vile ni vya kuzuia, huyu ana homa, apimwe damu kwanza. Ikiwa ni malaria, dawa ni nyingine na kitanda. Kauliza, ya kuzuia alimeza lini mara ya mwisho?

Mkwe kasema, hatujabahatika.

Hatujabahatika! Angeweza kuninyooshea kidole. Nimekaa hapa mbele yake, mzima mzima, na dumu langu.

Wamemchoma kidole, tunasubiri majibu. Kaegemea bega langu, anaunguza hadi kwenye mfupa. Mkono mmoja uko tumboni. Nimemuuliza, anacheza? Kasema, alicheza alfajiri.

Ukutani mbele yetu kuna bomba linavuja. Tone. Tone. Ni nati tu hiyo imelegea, robo ya mzunguko. Spana ndogo iko mfukoni. Mkwe hakufungua hata macho. Kasema, Baba, thubutu.

Sijaligusa. Nimeikalia mikono yangu yote miwili, nautoa mmoja kuandika tu.

Mlango wa maabara umefunguka. Nesi ana karatasi, anatafuta ni ya nani — mkwe hajanyanyuka, nanyanyuka mimi, kalamu naiweka hapa.