Usukani Wako Umenizidi Mabega

Baba Zuhura,

Nakupa salamu ile wanayopewa watu wa makaburini, kisha nakuomba usinitazame sana. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Nimeupata kisomoni, pale ghalani, tunapofundishwa sisi watu wazima. Ningeweza kuanza kwa kumwandikia kaka yangu aliyeko Lindi. Nimeanza na wewe kwa sababu nina aibu, na aibu hii sina mwingine wa kumpelekea.

Tulihama. Nilipotoka eda tu, tukaambiwa wote tusogee barabara ya Rutamba, tukae kijiji kimoja. Nyumba zimepangwa mstari, shule ipo, maji yapo karibu, sikatai. Lakini wewe umebaki kule mahame pamoja na mikorosho yetu, na asubuhi yote sisi tuko shamba la kijiji. Nikitoka huko nikaenda kwa miguu, nafika jua linazama. Korosho zinaharibika chini ya miti, na majani yanakuzidi pale ulipolala.

Basi nikachukua baiskeli yako.

Ndiyo, mimi. Mimi uliyekuwa unanipakia kwenye keria, nimekaa upande, nawe unanikaripia, "Tulia, Mama Zuhura, ukijitikisa tutaanguka wote." Zuhura alinishikia nyuma ya ghala mpaka nikaweza. Nimevaa suruali yako ya kaki ndani ya kanga, maana lile bomba la katikati halina adabu na mwanamke. Umesikia? Suruali yako.

Kilichonishinda ni usukani. Uliuchagua mwenyewe, mpana kupita zote dukani, kwa sababu na wewe ulikuwa na mabega ya kujaza mlango. Mimi nikiushika, mikono inatanuka kama ninaanika shuka. Gurudumu likigusa jiwe tu, linakwenda linakotaka lenyewe. Siku moja nina gunia la korosho nyuma, nateremka kuingia kijijini, usukani ukaniponyoka. Nikaenda chini mbele za watu, gunia kule, kanga kule, nami nimebaki na suruali yako mchana kweupe. Wanawake wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Wangekuwa wao tu, ningecheka nao. Alikuwepo mkwe wetu.

Unajua tulivyokuwa. Yeye na Zuhura wakikaa Nyangamara, sisi kule kwetu, kumstahi mkwe ilikuwa kazi nyepesi. Nikimwona siku ya sikukuu nafunika uso, napita pembeni, yamekwisha. Sasa mlango wake unatazamana na wangu, na ndiye fundi baiskeli pekee hapa. Siku ile aligeuka akaitazama miti, akasimama hivyo hivyo mpaka nilipomaliza kujifunga. Nikafika nyumbani, nikaegemea ukuta wa nje, nikalia. Sikukumbuka kwamba tulikuwa tumeukandika asubuhi ile. Nilipoinuka, alama ya mabega yangu ilibaki kwenye udongo mbichi.

Kesho yake nilichungulia mlangoni, nikamwona amesimama pale ukutani ameshika uzi. Akaipima alama ile, bega mpaka bega, akaukunja uzi, akaenda zake. Baba Zuhura, nilikaa nyuma ya mlango nikatamani ardhi inimeze. Lakini ningemwambia nini? Hakunigusa, hakuniuliza, wala hakunitazama. Zuhura akaja kuichukua baiskeli, na alasiri akairudisha ina usukani mwingine, mfupi, mumewe ameung'oa kwenye baiskeli mbovu. "Amesema huu ndio wako, mama." Ule wako umerudi umefungwa kwenye gunia, na pale ulipokuwa ukishika pamechubuka vile vile. Nimeuweka uvunguni mwa kitanda.

Sasa baiskeli inanitii, na hapo ndipo ilipo aibu yenyewe. Hizo nyingine nimekuhadithia tu.

Miaka yote kwenye keria niliona mgongo wako. Niliujua kila mshono wa shati lako. Sikujua kwamba pale juu ya mteremko wa kwenda mahame mtu anaona bonde lote, mikorosho mpaka macho yanapoishia. Nikaachia breki. Upepo ukaniingia kwenye kanga, nikacheka, peke yangu, kwa sauti. Mjane wako. Nilikuwa nakuja kung'oa majani kaburini kwako, nami nacheka.

Tangu siku hiyo, kila nikija nashuka kabla ya kona yetu, nakokota kimya kimya ili usinisikie. Kona ile ile uliyokuwa ukipiga kengele, nami nikisikia nakuwekea maji ya kuoga. Nikimaliza kung'oa majani sikai. Naokota korosho zangu, naondoka bila kukuaga, na njia nzima moyo unanisuta.

Nimechoka kukuficha, mume wangu. Nakuaga leo kwa kalamu kwa sababu mdomo umenishinda. Mola akupanulie hapo ulipo, mabega yako yasibanwe.

Ijumaa nitakuja, na sitashuka. Nikifika kwenye kona nitapiga kengele kama ulivyokuwa ukipiga wewe, ujue kwamba ni mimi, na kwamba nimekuja nimepanda.

Mama Zuhura