Taja Jina, Upone

Mamba, 9 Februari 2023

Zebedayo,

Mjinga wewe! Salamu utazikuta chini, kwanza meza hili. Mkeo Jenifer amepanda mlima wote huu kuja kulia kwenye mafiga yangu. Anasema tangu Novemba ukirudi kutoka bwawani unalala kwenye mkeka, ukiguswa unaruka kama umemwagiwa uji. Anauliza kama una mwanamke huko bwawa la Nyumba ya Mungu. Na mimi nauliza.

Usinipigie simu. Yangu imekufa sikio, inaongea kwa spika tu, na kina mama wa kikundi wanashinda hapa wanaosha tangawizi, masikio wazi. Andika. Tausi, yule muuza samaki wa perege, anapanda huku kila Alhamisi, mpe yeye. Na usinipambie maneno. Nimewaogesha wanaume wa nyumba hii, hakuna nisichokijua.

Hujambo? Unakula? Mimi goti tu, mengine Mungu anayashika.

Bibi yako,
Naelijwa

*

Nyumba ya Mungu, 15 Februari 2023

Bibi, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa kusema tu.

Mwanamke sina. Naapa kwa kaburi la babu. Ninaumwa, Bibi, na ni aibu kumwandikia bibi yangu haya. Mkojo unachoma kama pilipili, na mwishoni linadondoka tone la damu. Chini huku, kati ya pumbu na nyuma, kuna maumivu yanayoshinda pale pale siku nzima. Kwenye mtumbwi nakaa upande, kama mama aliyepanda bodaboda na sketi. Zahanati nimekwenda mara tatu. Wananipima, wanasema yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, napewa vidonge. Wiki moja nafuu, halafu yale yale. Mganga wa dawa za chupa sokoni Hedaru akasema ni ugonjwa wa ngiri, nikanywa mizizi yake hadi nikatapika.

Sasa kambini wamenihukumu. Wanasema nimenasa tego, kwamba nimelala na mke wa mtu aliyewekewa dawa na mumewe. Hata sahani yangu wameitenga. "Taja jina, upeleke beberu kwa mwenye mke, upone." Nitamtaja nani, Bibi? Lakini inavyouma, siku nyingine natamani ningekuwa na wa kumtaja.

Jenifer usimwambie.

Mjukuu wako,
Zebedayo

*

Mamba, 23 Machi 2023

Zebedayo,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki tano. Usidhani nimepuuza. Naisoma, naikunja, naenda shamba. Nikirudi nasoma tena, na sauti ninayoisikia si yako, ni ya babu yako.

Fanueli alivua bwawa hilo hilo. Alirudi anakojoa damu, ameshika ukuta wa choo kwa mikono miwili. Aliyesema "umenasa tego, taja jina" si jirani wala mganga. Ni mimi. Nikamhamishia ghala la mahindi, chakula namsukumia kwa mguu. Aliapa siku tisa. Siku ya kumi akaniambia, "Mama Eliza, nikitaja, utaingia uniogeshe?" Nikasema ndiyo. Akamtaja Mwanahalima, muuza maandazi wa kambini.

Nikamwogesha. Beberu akapelekwa. Mume wa Mwanahalima alimpokea beberu, akamfukuza mkewe siku hiyo hiyo. Babu yako hakupona, tukamzika. Nikasema huyu kataja jina la uongo kumficha wa kweli. Miaka thelathini na nne sijapalilia kaburi lake.

Na sasa wewe huna mwanamke, na mkojo ni ule ule. Basi alimtaja mtu ili aogeshwe tu. Mchana kweupe nikipita ghalani nasikia kopo alilokuwa akikojolea. Tone. Kimya. Tone. Nikiita, "Fanueli!", linanyamaza, kama mtu aliyeshtuliwa.

Usitaje mtu. Unanisikia? Usitaje mtu.

Bibi yako,
Naelijwa

*

Nyumba ya Mungu, 25 Machi 2023

Bibi, shikamoo. Natumaini goti halijambo. Hii naituma kwa bodaboda.

Ulikaa kimya, nikajua na wewe umenihukumu. Jana nimetaja. Nimemtaja Tausi, maana walishamwona akipokea karatasi mkononi mwangu, hawakuuliza la pili. Mumewe Mbaraka amepokea beberu. Leo nimekula sahani moja na wenzangu. Damu bado ipo, ila mganga anasema ningoje siku saba.

Mjukuu wako,
Zebedayo

*

Mamba, 6 Aprili 2023

Zebedayo,

Afya yako siulizi, naijua. Siku saba zimepita na bado unashika ukuta.

Tausi yuko jikoni kwangu. Alifika bila perege, mdomo umevimba, akanirudishia barua yangu kama nilivyoifunga. Mbaraka alimfukuza kabla hajakufikia. Nimeitia humu, isome. Yeye nimemweleza yote, ya kwako na ya Mwanahalima. Hakulia. Aliuliza tu, "Huyo Mwanahalima aliishia wapi, Bibi?"

Sijui, Zebedayo. Sikuwahi kuuliza.

Jumatatu nilikwenda zahanati ya huku. Nikamwambia nesi mbele ya foleni nzima: mume wangu alikojoa damu akafa, mjukuu anakojoa damu, wote wavuvi wa bwawa. Wanaume wakatazama viatu vyao. Nesi hata hakushtuka. "Mkojo wake ulipimwa saa ngapi, Bibi?" Nikamwambia asubuhi, kwani nani anakwenda kupimwa mchana? Akasema kuna kichocho, mdudu wa maji ya bwawa, mayai yake hutoka zaidi mchana mtu akishatembea. Asubuhi anaweza asionekane. Na si lazima awe yeye. Huenda ni mawe ya figo, huenda ni tezi dume, huenda ni hiyo yutiai imezoea dawa. Vyote vina kipimo. Jina la mwanamke halipimi kitu.

Nikauliza kichocho dawa yake nini. Akanionyesha vidonge. Vya kumeza siku moja, Zebedayo. Nilikaa chini pale pale, sakafuni, wakadhani ni goti.

Sasa sikiliza. Jenifer nimemwambia. Ulikataza, nimemwambia. Atakungoja Jumanne saa nne hospitali ya wilaya, Same. Tembea kwa miguu kutoka stendi, ukojoe saa sita, uwaambie unavua bwawani, wapime kichocho na wapige picha ya kibofu. Kesho yake, umepona hujapona, mwite Mbaraka mbele ya wote uliokula nao, useme kwa mdomo wako: nilisema uongo. Akikupiga, pigwa. Beberu mwachie. Halafu panda huku. Ukifika usianze na shikamoo yangu. Pita moja kwa moja jikoni, uanze na Tausi.

Bibi yako,
Naelijwa